Maua ya Nolde na ile hesabu ya 1,052

Nakala za maua ya Emil Nolde, mchoraji wa Kijerumani wa uekspreshonisti (mkondo wa rangi kali zinazobeba hisia), zimeingia hadi sebuleni mwa watu: mipopi mikubwa, myekundu, kama rangi bado inachuruzika. Aprili 2019, wakati Unazi wa Nolde ukijadiliwa, Angela Merkel, aliyekuwa Chansela wa Ujerumani, alizitoa ofisini kwake picha mbili za Nolde, moja ikiwa bustani ya maua ya 1915, na hakutaka zirudi. Wengi wakaona maua yameonewa.

Hoja yao ina uzito. Ua halina kadi ya chama, na bustani ile ilichorwa kabla chama cha Nazi hakijazaliwa. Halafu wana ngao yao: kazi 1,052. Ndizo alizonyang'anywa Nolde na Wanazi kutoka makumbusho ya Ujerumani mwaka 1937, nyingi kuliko za msanii mwingine yeyote.

Hesabu hiyo ni ya kweli. Shida ni mzigo iliotwishwa. Baada ya vita iligeuzwa cheti cha tabia njema: maadamu walimdhulumu, basi hakuwa mtu wao. Alikuwa mtu wao! Alijiunga nao 1934. Mwaka mmoja nyuma alikuwa ameshamchongea serikalini mchoraji mwenzake, Max Pechstein, kwamba ni Myahudi, na wala hakuwa. Mwaka 1938, kazi zake zimeshabebwa, alimwandikia Goebbels, waziri wa propaganda wa Wanazi, kujinadi kuwa yuko upande wao. Unafukuzwa mlangoni, nawe unazidi kubisha hodi.

Ipo pia ile hadithi ya 1941, kwamba alikatazwa kuchora, akawa anajificha na vijirangi vya maji kwa kuwa harufu ya rangi za mafuta ingemfichua. Alichokatazwa ni kuifanya sanaa kama kazi yake: kuuza, kuonyesha. Na ile mipopi aliyoiita "nyekundu, nyekundu, nyekundu"? Ni ya 1942. Kwa rangi za mafuta.

Kwa hiyo waliomuunga mkono Merkel hawakuwa na ugomvi na maua. Mimi mwenyewe sioni ubaya mtu kutundika mipopi hiyo kwake. Lakini ofisi ya chansela si sebule. Anayepigwa picha pale na mgeni wa taifa anapigwa pamoja na ukuta. Nafasi ile ilitakiwa ichukuliwe na picha za mchoraji mwingine, Karl Schmidt-Rottluff, mpaka yakaibuka maneno yake naye dhidi ya Wayahudi. Ukuta ukaachwa mtupu.