Mama Mkwe na O80

Nilikuwa mgeni kwenye chumba cha kumbukumbu cha hospitali moja hapa Kigoma. Jina nalificha, ugali wangu bado unatoka huko. Kazi yenyewe: faili la mzazi likirudi kutoka wodini unalisoma, unachagua ugonjwa mkuu, unaupa namba ya ICD-10, ile orodha ya kimataifa ya namba za magonjwa, unaingiza kwenye kompyuta.

Nikajiuliza, mwanamke aliyelazwa wodi ya wazazi kaja kufanya nini? Kujifungua! Nikatafuta kujifungua, nikakuta O80. Mafaili 37 nikayamaliza kabla ya saa nne, nikaenda kunywa chai na chapati kwa mwendo wa mkurugenzi.

Wiki tatu baadaye bima ikarudisha madai ya faili moja: mmeandika kajifungua kawaida, mbona mnadai pesa za upasuaji? Mhasibu akapiga simu kwa familia. Mzazi hakuja. Alikuja mama mkwe wake, kutoka Ujiji, kanga kaifunga kibwebwe.

"Nani kaandika mkamwana wangu kazaa kawaida?"

Ofisi nzima ikanitazama mimi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, na usinizungushe. Siku 21 nateka maji, nakoroga uji, nafua mpaka suruali za mumewe. Naambiwa kapasuliwa, asiinue hata sufuria. Kumbe kazaa kawaida, kama mimi niliyezaa saba?"

"Mama, kapasuliwa kweli. Kosa ni langu."

"Kosa lako, au kakupa chochote?"

Sista wa zamu aliyekuja kuniokoa ndiye aliyenimaliza. Akafungua faili ukurasa wa tatu, ambao mimi sikuwahi kuufikia. Mtoto alitanguliza makalio, uchungu ukakwama, ndipo mama akapelekwa kupasuliwa.

"O80 ni ya mzazi ambaye hakuna tatizo jingine la kuandika," akasema. "Huyu ugonjwa mkuu ni kilichompeleka kwenye kisu, O64.1. Hii Z37.0 ya kuonyesha kazaa mtoto mmoja hai inafuata nyuma."

Kisha akaomba na mafaili mengine. Aliyetokwa damu nyingi mara baada ya kuzaa, nilimwandikia O80. Mwenye kifafa cha mimba, wa O15 kabisa, naye nikampa O80. Mmoja, sijui usingizi au shibe ya chapati, nilimwekea Z38, ambayo ni ya faili la mtoto. Kwa mujibu wa kompyuta yetu, mwanamke wa miaka 34 alizaliwa Jumanne, akiwa hai.

Mama mkwe alikuwa kimya muda wote huo, anaiangalia ile namba mpya kwenye karatasi.

"Hiyo sitini na nne ndiyo makalio?"

"Ndiyo, mama."

Akalegeza kanga. "Basi karithi kwa baba yake. Naye alikuja hivyo hivyo, na mpaka leo ukimtuma dukani anakwenda kinyumenyume."

Akaondoka kwenda kukoroga uji.