Draiva mpya isijigawie namba za patisheni

Kwenye Linux, andika `lsblk -o NAME,MAJ:MIN`. Diski ya sda itasomeka 8:0 (kabla ya nukta mbili ni namba kuu, baada yake ni namba ndogo), patisheni yake ya kwanza, yaani kipande cha kwanza cha diski hiyo, 8:1, ya pili 8:2. Chomeka diski nyingine ya aina hiyo: sdb haishiki namba inayofuata, inarukia 8:16. Kila diski imetengewa namba ndogo 16, moja ya diski nzima na 15 za patisheni, hata kama ina patisheni moja tu. Kwangu mimi mtindo huu umeshapitwa na wakati, na anayeandika draiva (programu inayoendesha kifaa) leo hana sababu ya kuuiga.

Ulizaliwa na uhaba. Hadi keneli (kiini cha Linux) 2.4, namba ya kifaa ilikuwa biti 16: nane za namba kuu, inayotambulisha draiva, na nane za namba ndogo. Gawa 256 kwa 16, unapata diski 16 basi. Ndiyo maana diski ya 17, sdq, inahamia namba kuu 65, na sd, draiva ya diski hizi, ikaishia kuhodhi namba kuu kumi na sita kwa jumla. Keneli 2.6 ilipanua hadi biti 32, yaani 12 na 20, lakini namba za zamani hazikuguswa, maana mifumo ya watu ingevunjika. Kwa hiyo diski ya 257 inarudi kwenye namba kuu 8, ikiwa 8:256. Programu inayozidisha namba kuu kwa 256 kisha kujumlisha ndogo inapotea njia hapo, tumia makedev(), kitendakazi kinachounganisha namba hizo mbili.

Walioumia zaidi ni wenye diski za IDE, aina ya zamani. Diski zao zilitengewa namba ndogo 64 kila moja. Zilipohamishiwa kwenye sd kupitia libata (sehemu ya keneli inayohudumia diski za ATA), mwenye patisheni 20 alibaki kuona 15.

Dawa ilikuja na 2.6.28: namba kuu 259, kapu la pamoja. Patisheni inayokosa nafasi huchota humo. Iangalie kwenye eMMC (hifadhi ya flash iliyobandikwa kwenye ubao wa kifaa), ambako kawaida kila diski hutengewa namba ndogo nane: mmcblk0p7 ni 179:7, halafu mmcblk0p8 inakuwa 259:0. Sura mbaya, lakini inafanya kazi.

Basi kwa draiva mpya, kwenye keneli za sasa, acha major (namba kuu) na minors (idadi ya namba ndogo) za diski zibaki 0, usiguse first_minor (namba ndogo ya kwanza), kisha ita add_disk(), inayosajili diski. Keneli itachota 259 yenyewe. Ukijaza major ukasahau minors, utapata onyo na add_disk() itarudisha kosa, kwa hiyo kagua jibu lake. Kama ni lazima ugawe mwenyewe, usirudishe namba pale diski inapochomolewa. Subiri mtumiaji wa mwisho aifunge. Ukiwahi, diski mpya itapewa namba ambayo bado inashikiliwa, na sysfs (orodha ya vifaa ya keneli, chini ya /sys) itagoma kusajili jina mara mbili.

Wapo wanaolalamika kuwa 259 haitabiriki. Kweli, hugawiwa kwa kufuata nani kaonekana kwanza. Lakini hata sda na sdb hubadilishana zamu. Kwenye fstab (faili la orodha ya mifumo ya faili ya kupachika) weka UUID, kitambulisho cha mfumo wa faili wenyewe. Kwenye root= (chaguo linaloiambia keneli mfumo mkuu wa faili uko wapi), bila initramfs (mfumo mdogo wa kuwashia), weka PARTUUID, kitambulisho cha patisheni, kwa sababu keneli peke yake haisomi UUID ya mfumo wa faili.