Kabla hujamfuata jirani, ingia kwanza kwenye ruta yako

Nakaa Pasua hapa Moshi, geti moja wapangaji wanne, na mwezi uliopita nusura niharibu ujirani kwa sababu ya waifai. Bando la mwezi linakata tarehe 18, taa za ruta zinapepesa saa nane usiku na ndani wote tumelala, mi nikajua tu kuna mtu ananinyonya, tena kichwani nilishamchagua dogo wa chumba cha mbele maana simu haimtoki mkononi.

Kabla sijamgongea nikafungua 192.168.1.1, anwani ya ruta yangu, kwenye brauza nikaangalia vifaa vilivyounganishwa. Tisa! Mi nilikuwa nahesabu vinne. Nikaanza kuzima waifai kwenye kifaa kimoja kimoja huku naangalia kipi kimetoka kwenye orodha, hii ndo njia naiamini kuliko kusoma majina, kwa sababu simu za kuanzia Android 10 na iOS 14 zinajipa anwani ya MAC (namba ya kukitambulisha kifaa kwenye mtandao) ya kubuni kwa hiyo hata kampuni iliyoitengeneza huioni. Mwisho wa siku vyote tisa ni vya kwetu, hadi ile tableti ya watoto iliyokaa kabatini na chaji yake.

Na bando? Simu ya mama watoto ilikuwa inapandisha video za kipaimara Google Photos kila ikiwekwa chaji usiku, na laptop yangu inashusha sasisho za Windows. Afu taa kupepesa peke yake siyo ushahidi wa wizi, TV na simu zinaitana zenyewe humo ndani hata kama hakuna anayezigusa.

Kilichonitisha ni kingine kabisa. Niliingia kwenye ruta kwa jina admin na paswedi admin, ile ile ya kiwandani, tangu fundi alipoifunga! Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta kibao kwa kujaribu tu paswedi za hivyo, Oktoba ile zikatumika kuipiga Dyn, kampuni iliyokuwa inaelekeza watu kwenye tovuti wanazotafuta, na Twitter na Netflix zikasumbua watu kibao. Kwa kweli naona fundi asiruhusiwe kuondoka mpaka mwenye nyumba awe amebadilisha paswedi mwenyewe na WPS (ile ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila paswedi) imezimwa, ni dakika tano tu jamani.

Jumamosi nimekaa na dogo wa chumba cha mbele tukafungua na ruta ya kwao. Admin, admin.