Boti yangu inalala Moshi

Kila nikitoka getini na boti nyuma ya gari lazima kuna mtu ataniuliza "Mangi, unaipeleka wapi hiyo?" na nikimwambia naenda nayo majini halafu Jumapili jioni narudi nayo hapa hapa, ananiangalia tu, manake kwa watu wetu huku boti ni mali ya pwani na ikishashuka majini basi imeshashuka. Mimi naona tofauti kabisa. Huu ni mwaka wa tano nina boti ya tanga (tanga la upepo, sio Tanga mji) na kwa mtu wa mlimani boti inayofaa ni ile inayolala uani kwako, unaiona ukiamka, unaigusa kwa mkono wako.

Yangu ni faibaglasi ya futi 18, ina matanga mawili, kijichumba cha mbele cha kulala wawili mkibanana, injini ndogo ya kuning'iniza tezi (nyuma), na mkuku (ule mgongo unaochomoza chini ya boti) unaopandishwa kwa kamba ukaingia ndani ya boti. Huo mkuku ndio kila kitu jamani. Ukiwa juu boti inaelea kwenye maji ya magotini na inapanda trela watu wawili tu bila kreni, ukiwa chini inashika maji unaweza kubisha, yaani kwenda kule upepo unakotoka kwa kukata huku na huku. Watu wanaona boti kubwa zenye mkuku wa kudumu wanazitamani, sawa ni nzuri, ila ukishaanza kutegemea kreni utaenda majini mara mbili kwa mwaka halafu utaacha. Na boti inayokaa baharini muda wote chini inaota majani na magamba, ndio maana wazee wa pwani walikuwa wanapandisha vyombo vyao wanavikwangua wanavipaka deheni, mafuta mazito ya kulinda mbao. Yangu nikirudi naisuuza kwa mpira wa bustani, imeisha.

Sasa trela. Hapa ndipo watu wanapokosea, anakagua boti siku nzima, tanga, kamba, mlingoti, trela anaipiga teke tairi basi. Mimi mwaka wa kwanza nilirudi kutoka Tanga, zaidi ya kilomita 300, tumepita Korogwe, Mombo, karibu na Hedaru nikasikia harufu ya grisi inayoungua, nikasimama, gurudumu la kushoto limelala kidogo kwa ndani na moshi unatoka. Fundi aliyetusaidia alipofungua ile habu (kitovu cha gurudumu) beringi zilikuwa zimegeuka rangi ya bluu na grisi imekuwa maji ya maziwa. Akaniuliza, kaka, hili gurudumu umeliingiza kwenye chumvi likiwa la moto? Nikamwambia ndio, tulifika tu tukashusha. Akanielewesha pale pale, habu ikitoka barabarani ina joto, ukiizamisha ghafla hewa ya ndani inasinyaa na inavuta maji kupitia kwenye sili (ule mpira wa kuzuia maji), chumvi inakaa humo inakula chuma taratibu wewe hujui. Tulilala pale, beringi ikaletwa asubuhi kutoka Same. Toka siku hiyo nikifika nakunywa chai kwanza, naweka kiganja kwenye habu, ikiwa ya baridi ndio narudisha trela kwenye maji. Na grisi nabadilisha mwenyewe kila baada ya safari ya chumvi.

Jambo la pili sitanii nalo, nyaya za umeme. Mlingoti wangu ni alumini, mita saba, boti ikiwa juu ya trela ncha yake inafika karibu mita tisa, na nyaya za vijijini haziko mbali na hapo. Kabla hatujausimamisha mke wangu kazi yake ni moja tu, kuangalia juu, mpaka aseme "sawa" hakuna anayegusa kamba. Na ukishasimama gari haliendi popote zaidi ya kushusha boti, hata hatua kumi za kutafuta kivuli hapana.

Mara nyingi naenda bwawa la Nyumba ya Mungu kwa sababu ni karibu na ni maji baridi, hayana chumvi. Lile bwawa lilijengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya umeme, mito ya Kikuletwa na Ruvu yote inamwaga mle, na wavuvi wa perege wana nyavu kila upande kwa hiyo usiende usiku utawaharibia watu kazi. Asubuhi maji yanatulia kama sahani mlima umesimama kaskazini mweupe, mchana upepo unaamka na unaamka kweli, boti ndogo lazima upunguze tanga mapema, sio ukishaanza kuogopa.

Tanga ni kitu kingine. Kule kuna bamvua, maji yanatoka mpaka unaona mchanga ulipokuwa unapita na boti asubuhi, mwenye mkuku wa kudumu anahangaika, mimi napandisha wangu boti inakaa mchangani wima tunapika wali tunasubiri maji yajae. Kusi, ule upepo wa kusini, ikikaza katikati ya mwaka nabaki ndani ya ghuba, upande wa visiwa vya Toten na Ulenge, inatosha. Watu wananiuliza Pemba lini. Pemba ni kama kilomita 50 baharini, boti ya urefu huu ikienda vizuri sana ni noti tano (maili tano za baharini kwa saa), na mkondo wa pale unasukuma kaskazini mwaka mzima, kwa hiyo nitaenda siku nikipata mwenzangu mwenye boti yake tukaongozana.

Sio kwamba udogo ndio tatizo. Mwaka 1963 Mwingereza Frank Dye alitoka Uskoti mpaka Aisilandi na Wayfarer, boti ya wazi haifiki futi 16, mwaka uliofuata akaenda Norwe dhoruba ikamvunjia mlingoti na bado akafika. Yeye alikuwa anaijua boti yake kila msumari. Na kuijua boti hivyo kunataka muda, muda unapatikana boti ikiwa karibu, jioni ya Jumanne tu umetoka kazini unakagua kamba moja unabadilisha pini moja.

Binti yangu amejifunzia uani hapo hapo, boti iko juu ya trela chini ya mparachichi, anafunga na kufungua fundo za demani (kamba ya kuvutia tanga) mpaka giza. Sasa ana miaka 11, na Nyumba ya Mungu usukani ni wake kuanzia alfajiri mpaka ule upepo wa saa nane ukianza kukunja maji upande wa pili, hapo ananiita mwenyewe, "Baba, tupunguze tanga."