Nilimpiga Mzee Picha Moja, Mji Mzima Ukaja Kumzika

Kwanza niwaambie kwa nini Kigoma panamfaa mtu mwenye kazi mbili na mke mmoja. Huku tuko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa tunatumia ile ile ya Dar, kwa hiyo wenzetu wa Dar wakiwa wameshawasha taa sisi bado jua tunalo, linazama taratibu ng'ambo kule kwenye milima ya Kongo ikikaribia saa moja. Mimi ofisini natoka saa tisa na nusu, nipo upande wa hesabu, ofisi siitaji jina, nikitoka hapo nina mwanga wa kutosha kumpiga mtu picha ya sura ya maana kabla sijarudi nyumbani, mtaa wa Mwanga, kuogesha watoto. Mwanga wa jioni huku ni wa bure na ni mzuri hadi unamfanya mdeni wako apendeze.

Na hapa nazungumzia picha za sura, zile za ukutani, mtu anaangaliwa macho yake. Pasipoti saizi sipigi, hilo nilishakataa, ingawa mke wangu anasema pasipoti ndo zinalipa, na kwa hilo ana ukweli wake. Mke wangu ni mwalimu na masharti yake yako wazi: watoto wale, waoge, walale, ndo niguse laptop, na Jumapili kamera inalala kabatini. Kamera yenyewe ni mtumba, lenzi moja tu ya 50mm, na mwanangu wa kike alishaigusa kwa kidole chenye mawese, nimefuta mpaka nimechoka, sasa hivi picha zangu zina kaukungu fulani na kuna wateja wanaamini ni staili yangu.

Sasa kuna mzee mmoja wa Ujiji, watoto wake wako Dar na Mwanza huko, wakanitumia hela kwa simu nikampige baba yao picha moja kubwa waweke sebuleni. Nikaenda jioni. Nikamkuta uani kwake kavaa kanzu nyeupe peee, kofia ya kiua, nikamwamkia shikamoo, marahaba, nikamweka kiti chini ya mwembe. Akaniangalia navyohangaika na kamera halafu akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hii picha kubwa ya mtu mmoja peke yake, kazi yake hasa ni nini? Maana mimi nimeziona sana, na kila nikiiona kuna watu wamekaa chini kwenye mikeka." Nikamwambia hapana mzee, hii ya ukutani tu, watoto wamekukumbuka. Akasema haya.

Kazi ilikuwa ngumu. Ile lenzi ukiifungua mpaka 1.8 kinachoonekana vizuri ni kipande kidogo sana, unalenga jicho, mtu akisogea kidogo tu jicho limepotea umebaki na sikio. Na Ujiji bana kila anayepita njiani lazima atoe salamu, na mzee lazima aitikie, na akiitikia lazima ageuke amwone ni nani, aulize na habari za nyumbani. Nikajaza memori kadi masikio. Masikio mazuri lakini, sijawahi kuona masikio yaliyotoka vizuri vile.

Ile moja iliyokubali ilikuja hivi. Kuna katoto kalikuwa juu ya mwembe kanaiba maembe, embe likadondoka pembeni ya kiti, mzee akainua macho juu polepole kutafuta mwizi, mimi nikabonyeza. Aisee. Jicho liko wazi, mwanga umeingia ndani ya mboni, uso umetulia, ukimwangalia unasema huyu mtu anaongea na Mola wake kumbe anatafuta mtoto wa kuchapa.

Usiku watoto wamelala nikafungua laptop, nikakuta mzee wa kijani. Ndo shida ya kupiga chini ya mti, jua linapita kwenye majani linashuka na rangi yao, na kanzu nyeupe nayo inaipokea yote inamrudishia mtu usoni, mzee alikuwa kijani kama embe bichi. Nikivuta kijani kipungue anakuwa zambarau, nikirudisha anaonekana mgonjwa wa siku nyingi. Mke wangu chumbani anaita zima taa. Nikaondoa rangi zote, nikaiacha nyeusi na nyeupe, na hapo ndo picha ikasimama. Kwa hiyo wale wanaosema niliweka nyeusi na nyeupe kwa makusudi wajue ni suala la majani ya mwembe, na mpaka leo nasema ule ulikuwa uamuzi sahihi.

Nikaiweka stetasi. Nikaandika "Mzee wetu, kazi ya mikono yangu" na vile vikono viwili vilivyobanana, ambavyo mimi natumia kushukuru. Ikawa saa tano kasoro za usiku. Nikalala.

Asubuhi kwetu haina nafasi ya simu. Mmoja hataki uji, mwingine kiatu kimoja hakionekani, mke wangu anawahi namba shuleni, mimi nakimbilia ofisini ambako wiki hiyo tulikuwa na wakaguzi wa hesabu, na wakaguzi wakija simu zote zinaingia kwenye droo, ya bosi tu ndo inabaki nje. Kwa hiyo dunia ilikuwa inaendelea huko na mimi niko na risiti za mafuta ya gari.

Saa nne hivi bosi akatoka ofisini kwake macho mekundu. Bosi wetu huyu ukimwambia unaumwa anakuuliza unaumwa mpaka saa ngapi, sasa kumwona vile tukasimama wote. Akasema amefiwa, baba yake mkubwa, Ujiji. Tukasema pole sana bosi, innalillahi. Karatasi ya mchango ikapita haraka, mwezi ulikuwa umekwisha mfukoni kabla ya kwisha kwenye kalenda, nikaandika 5,000 nikapitisha. Wakaguzi wenyewe walichanga. Bosi akaniambia wewe beba kamera yako, utatupigia kumbukumbu. Nikabeba, nikatoa simu kwenye droo, ilikuwa imezima chaji, nikaiweka kwenye chaja ya gari tukaondoka.

Tuko njiani bosi akanigeukia na simu yake, "Wewe si mtu wa picha, hebu iangalie hii ya marehemu, imesambaa kila grupu, sijui nani kapiga lakini ona macho yake. Alishajua anaondoka. Anaangalia anakokwenda."

Wallahi sikuelewa kwanza. Nilichosikia ni mtu mkubwa anasifia macho. Nikasema, "Ahsante bosi."

"Ahsante ya nini?"

Hapo ndo nikamwona mzee. Nikaanza kulia, na nililia kweli, maana nilidhani amefariki usiku, mtu niliyekuwa naye jana yake jioni ananiuliza habari za mikeka. Bosi akanishika bega, akawaambia wenzangu mnaona, huyu kijana ana utu.

Tumefika tunakuta turubai limefungwa tayari, akina mama wamejaa upande mmoja wanalia, masufuria yameshapanda mafigani, mtu katoka Kibirizi na ndoo ya migebuka, samaki wetu wa ziwani. Nyumba yenyewe imefungwa kufuli. Nauliza mwili uko wapi, huyu anasema hospitali, yule anasema si umo ndani, mwingine anasema ufunguo anao bibi na bibi alikuwa kwa binti yake Kasulu, yuko njiani anakuja. Ndani simu ya mzee inaita na kuita, kila ikiita akina mama wanapandisha sauti. Vijana walishakwenda makaburini na majembe toka asubuhi, si unajua kwetu mtu halazwi.

Nikawasha simu yangu sasa. Ikatetemeka mpaka ikakaa kimya yenyewe. Poleni. Poleni sana. Mungu amlaze pema. Ya kwanza kabisa imeingia saa tano kasoro dakika chache za usiku, yaani hata sijatoka kwenye laptop mtu keshanipa pole. Nikapanda juu naangalia grupu la mtaa, naikuta stetasi yangu imepigwa skrinshoti, maandishi "kazi ya mikono yangu" yamekatwa, imebaki picha na vile vikono. Mke wangu baadaye aliniambia nishukuru yalikatwa, yangebaki pangekuja na polisi.

Nimekaa pale jasho linanitoka natafuta nani wa kumwambia. Namwambiaje bosi? Naanzaje? Ustadhi keshakohoa anataka kuanza kusoma. Mara nasikia bodaboda.

Mzee huyo. Alikwenda Mwandiga alfajiri kuangalia mbuzi, simu kaiacha ndani kwenye chaja, kanunua beberu kalipakata katikati yake na dereva. Akashuka. Akaona turubai nyumbani kwake, watu, masufuria, vilio. Ile kanzu yake ikaanza kutetemeka. "Nani?" akauliza. "Nani kafa?" Na watu wa pale mbele, walioinamisha vichwa kama inavyotakiwa msibani, wakamsogezea mkeka bila kumwangalia, mmoja akamwambia pole mzee, kaa hapa. Mzee akakaa. Akaanza kulia. Alidhani ni bibi.

Wamelia wote pale muda wa kutosha tu mpaka jirani yake alipotaka kumpa maji akamwona usoni. Glasi ikaenda chini. Akina mama waliokaa karibu walivyonyanyuka sijapata kuona, turubai likang'oka kona moja, beberu likapita katikati ya mikeka, Ustadhi alibaki amesimama lakini miguu ilikuwa imeshageuka. Bosi wangu ndo pekee aliyemfuata mzee, akamgusa mkono kwa kidole kimoja.

Ikabidi niseme. Nikaeleza kuhusu majani na kanzu na kijani. Hakuna aliyeelewa. Wakaniuliza sasa kama mtu yu hai unamwekeaje nyeusi na nyeupe, na vile vikono, na macho yale juu? Nikawaambia macho yalikuwa yanamtafuta mwizi wa maembe. Katoto kenyewe kalikuwepo pale kakapotea.

Mzee ndo akaokoa mambo. Alivyoelewa kwamba bibi mzima, na wafu hakuna, na chakula kinaiva, akacheka mpaka kofia ikadondoka. Akasema, "Nyie mnashangaa nini? Livingstone naye walimtangaza kafa, habari ikafika mpaka Ulaya, Stanley mwaka 1871 akamkuta hapa hapa Ujiji yuko hai. Huu mji wetu watu huwa hawafi kwa maneno ya watu." Watu wakapiga makofi. Kijana mmoja, nadhani ni wa sekondari, akadakia, "Lakini mzee, 1873 si akafa kweli?" Alitolewa nje ya uzio na mama yake.

Tukala. Kule makaburini vijana walikuwa wamefika usawa wa kiuno, ikazuka hoja kati ya wazee kama kaburi lililoanzwa linafukiwa tupu au lazima uzikwe mgomba, wakabishana mpaka wali ukaisha. Bibi alifika kutoka Kasulu na kilio chake kutoka barabarani, anaingia anamkuta marehemu ana mgebuka mkononi. Alimpiga kanga moja ya mgongo, akakaa, akaomba maji, halafu akaulizia mwenye kamera yuko wapi. Nikajificha nyuma ya bosi. Bosi akasogea pembeni.

Adhabu yangu ikapangwa palepale: niwapige picha wote waliokuja, kwa rangi, bila malipo. Jua lilikuwa bado lipo upande wa ziwa, nikawapiga mmoja mmoja mbali kabisa na mwembe, nao kila mmoja akikaa kwenye kiti ananiambia macho yangu usiyapeleke juu. Mke wangu akanipigia saa kumi na mbili kuuliza msiba unaendaje maana watoto hawajaoga, nikamwambia marehemu anakunywa chai. Akakata simu.

Wakati huo mzee ameletewa karatasi ya michango ili aone ni nani na nani walimjali, kavaa miwani anasoma jina na kiasi kwa sauti, wa elfu ishirini anapewa mkono, wa elfu kumi anaitikiwa kwa kichwa. Akafika kwangu. Akasoma. Akavua miwani.

"We kijana, umeniua mwenyewe, halafu unanichangia elfu tano?"

Nikaongeza tano nyingine, akaandika mwenyewe kwa kalamu yake.