Kura pungufu, viti zaidi

Katika uchaguzi mkuu wa Uingereza wa mwaka 2017, chama cha Labour chini ya Jeremy Corbyn kilipata kura karibu milioni 12.9, kikashindwa. Mwaka 2024, chini ya Keir Starmer, kilipata milioni 9.7 na kuzoa viti 411 kati ya 650. Kura zilipungua kwa zaidi ya milioni tatu, viti vikaongezeka kwa karibu 150. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi, na kila nikiirudia nazidi kukataa kauli kwamba wapigakura wa Uingereza wamekuwa wavivu au wamerubuniwa na wanasiasa wa jazba.

Wanaoutetea mfumo huu, ambao anayeongoza kwa kura jimboni huchukua kiti hata asipofikia nusu, wana hoja. Kila jimbo lina mbunge mmoja wa kuulizwa, na kwa kawaida nchi inapata serikali bila wiki za kupatana. Mwaka 2011 wananchi waliulizwa kama wanataka namna nyingine ya kuwachagua wabunge. Asilimia 68 walikataa. Tena, wanasema, hasira za wananchi hazitokani na mfumo: hakuna kiongozi ambaye angepita salama katika Uviko na bei za nishati baada ya vita vya Ukraine.

Hayo nayakubali. Lakini mtazame mpigakura mwenyewe. Wanne katika kila kumi walioandikishwa hawakupiga kura 2024. Chama cha Reform kilipata kura zaidi ya milioni nne, kikaambulia viti vitano. Liberal Democrats, wenye kura milioni 3.5, walipata 72. Msimamo wa Reform juu ya wahamiaji siukubali hata kidogo, ila kura ya mtu ni kura. Ukishaona yako haihesabiki sawa na ya jirani, utaitwaje mvivu kwa kubaki nyumbani?

Hata waliompa Starmer ushindi hawakukaa nao muda mrefu. Wiki nne hazijatimia tangu uchaguzi, Waziri wa Fedha Rachel Reeves akatangaza kuwa wastaafu wengi hawatapewa tena posho ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi. Sababu aliyotoa ni pengo la bajeti waliloachiwa na Conservative, chama kilichotawala kabla yao, na huenda pengo lilikuwepo. Katika ilani ya Labour hatua hiyo haikuwemo. Juni 2025 serikali ikarudi nyuma na kuwarudishia posho wengi wao, kuanzia baridi iliyofuata. Ile iliyotangulia, mzee aliyezima hita Januari alikuwa ameshaimaliza ndani ya koti.