Kuvifungia mlango virusi vya Aujeszky kwa kuhariri jeni za nguruwe: kwa nini si rahisi kama inavyosemwa

Ugonjwa wa nguruwe uitwao Aujeszky ulielezwa na Mhungaria Aladár Aujeszky mwaka 1902. Si homa ya nguruwe ya Afrika. Hiyo inatokana na virusi vya ukoo mwingine kabisa. Virusi vya Aujeszky ni ndugu wa virusi vya malengelenge (herpesi): huua watoto wa nguruwe, na kwa wanaopona hujificha kwenye neva maisha yote.

Virusi hivi huingia kwa kutumia vitu vya nguruwe mwenyewe. Kwanza hujinata kwenye heparani salfeti, aina ya sukari ndefu iliyo juu ya seli, halafu protini yao, gD, inashika protini ya nguruwe iitwayo nektini-1. Mafuta nayo yamo: maabara ikinyonya kolesteroli kwenye utando wa seli, virusi huingia kwa shida. Seli yenyewe inalijua hilo. Ikihisi hatari hutengeneza 25-hidroksikolesteroli, kolesteroli iliyogeuzwa kidogo, na virusi hukwama.

Basi wapo wanaotaka tubadilishe jeni za nguruwe badala ya kuwinda virusi, na hoja yao ina uzito. Chanjo ya Bartha-K61 iliyotumika sana duniani ilipata mtihani China kuanzia 2011, zilipozuka aina mpya zilizoambukiza hata nguruwe waliochanjwa. Jeni za nguruwe hazigeuki kwa kasi hiyo. Tena mfano upo: nguruwe waliohaririwa jeni la CD163, mlango wa virusi vingine, hawaugui PRRS, ugonjwa wa nguruwe unaoharibu uzazi na upumuaji, na Marekani iliidhinisha nyama yao mwaka 2025.

Mimi nasitia kwa sababu ya kazi ya nektini-1. Ndiyo inayoshikanisha seli na seli. Binadamu anayerithi jeni lake likiwa bovu kutoka kwa wazazi wote wawili huzaliwa na mdomo sungura na kaakaa lililopasuka. Kolesteroli ndiyo usiseme, hakuna utando wa seli ya mnyama usioihitaji. Na vikishaingia, virusi hivi huhamia seli ya jirani hata bila gD.

Chanjo ya Bartha haina gE, protini iliyomo kwenye virusi vinavyoleta ugonjwa, hivyo kipimo cha damu humtenga aliyechanjwa na aliyeambukizwa. Kwa ujanja huo mdogo Ujerumani iliusafisha ugonjwa huu kwenye mazizi yake. Kama nektini-1 itahaririwa, ningependa waguse kipande kile tu gD inapojishikiza, na chanjo isiachwe.